Tikiti Lililokwama Kwenye Lifti

9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naitanguliza hiyo kabla hujamwambia jirani kwamba nikishapanda ghorofa mbili tatu nasahau adabu. Sisi huku wazima. Chumba tumekipaka rangi upya, ya kijani ambayo dukani ilikuwa nzuri na ukutani imegeuka rangi ya dawa ya kikohozi. Mume wangu bado anapigana na hesabu zake shuleni. Wanafunzi wa mwaka huu, anasema, wanagawanya namba kama watu wanaopasua kuni. Nawe je? Sikio la kulia bado linafanya kazi, au nalo limestaafu kama la kushoto? Najua simu huisikii, ndiyo maana naandika, na kusema kweli napenda zaidi hivi, maana kwenye barua hunikatizi.

Kazini wamenihamisha. Baada ya miaka yote ya kuning'inia kwenye mashimo ya lifti nikipaka kebo grisi, sasa nakaa mezani kule karakana natengeneza vibao vya vitufe. Ni kwa muda tu. Zamu zimebadilika, usifikirie chochote.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Hivi marehemu Bibi, alipoambiwa ana sukari, alikuwa anakula matunda gani? Mume wangu amepata jedwali, kila tunda na namba yake. Namba yenyewe wanaiita fahirisi, inaonyesha tunda linapandisha sukari ya damu kwa kasi gani. Tufaha liko chini, linakwenda mdogo mdogo. Chungwa pia. Tikiti maji liko juu kabisa, eti linakimbia kama mwizi wa kuku. Jedwali amelibandika mlangoni mwa friji, na siku hizi siwezi kufungua friji bila kusomeshwa kwanza. Nami tikiti nimelipenda ghafla mwaka huu mpaka naliota. Je, namba hizo zina maana yoyote kwa mtu anayekula chakula chake cha kawaida nyumbani kwake? Nauliza kwa udadisi tu.

Msalimie jirani yako, fundi viatu.

Kindi wako


27 Machi

Kindi wangu,

Marahaba, mwanangu, na mumeo pia marahaba, ingawa hakuitoa. Sikio la kulia lipo, linasikia linachotaka. Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi wa mikutano, kitambaa chekundu kizito kama blanketi la farasi, kimejaza chumba chote. Juzi sindano ilidondoka nikaingia chini ya rundo kuitafuta. Fundi viatu akaja kuomba uzi, akaona hakuna mtu, akaamua kunisubiri, akakaa. Mwanangu, alikaa juu ya mgongo wangu. Yowe alilopiga nililisikia kwa masikio yote mawili. Tangu siku hiyo akiingia kwangu anagonga kwanza kiti.

Umeuliza habari za Bibi yako. Alipoambiwa ana sukari aliacha matunda yote siku hiyo hiyo, akaendelea na chai yake ya vijiko vinne. Alisema sukari ya kwenye chai anaiona ikiingia, ile ya kwenye tunda imejificha, na yeye hali kitu kinachojificha. Kwa hiyo usimwige. Alikuwa mama yangu, nilimpenda, lakini kwenye jambo hilo alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Namba za mumeo mimi sizijui. Ila kwa kuwa wewe umeuliza kwa udadisi tu, nami kwa udadisi tu nakushauri. Usinyanyue mota. Lala ubavu wa kushoto. Viatu vya kisigino viweke juu ya kabati. Ngazi za kusimama waachie wenzako. Kunywa maji, na ukisikia hamu ya kula udongo, kula karoti. Mambo haya yanamfaa mtu yeyote mwenye udadisi.

Sijauliza kitu. Nimeshauri tu.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Barua yako niliisoma karakana wakati wa chai, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna kitufe kimenipiga shoti. Sisi wazima. Rangi ya ukuta tumeizoea, au imetuzoea.

Lazima nikusimulie. Kuna jengo moja ambalo kampuni yetu inatunza lifti zake, na ghorofa ya saba nilikuwa na shughuli zangu. Nilipita sokoni kwanza. Muuza matunda alikuwa amepasua tikiti, jekundu, baridi, mbegu zimekaa kwa mistari. Nyumbani siruhusiwi. Jedwali. Nikanunua pande moja kubwa, likafungwa kwenye karatasi, nikaingia nalo kwenye lifti peke yangu nikiwa na nia ya kulimaliza kabla ya ghorofa ya saba. Nilishaling'ata mara moja lifti iliposimama ghorofa ya pili, na aliyeingia ni mtaalamu wa lishe wa kliniki ya huko huko juu, yule mama mrefu mwenye miwani kifuani, ambaye ndiye niliyekuwa nakwenda kumwona kwa shughuli zangu. Nikalificha tikiti nyuma ya mgongo. Maji yakaanza kunitiririka mpaka kwenye viatu.

"Hujambo," akasema. "Unavuja."

Kabla sijajibu, lifti ikashtuka, ikasimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Lifti yangu mwenyewe, shangazi, niliyoifunga breki mwaka jana. Nikapiga simu karakana, wakaniambia kwa furaha isiyo ya kawaida kwamba wanakuja. Zamani ningefungua tundu la dari, nikatoka, nikaishughulikia mwenyewe. Safari hii sikupita kwenye tundu. Tundu lenyewe naona wamelipunguza.

Tukakaa chini. Yule mama akanitazama, akanyoosha mkono, akasema, "Lete hilo tunda kabla halijatuzamisha." Nikadhani ananinyang'anya. Akalivunja vipande viwili, akanipa kimoja, kingine akaanza kula yeye.

Nikamwambia, "Lakini fahirisi yake iko juu."

"Iko juu kwenye karatasi," akasema. "Wanavyoipima ni hivi: mtu anakula tunda mpaka atimize kiasi fulani cha wanga na sukari, kiasi kile kile kwa kila tunda, ndipo wanampima damu. Kukitimiza kiasi hicho kwa tikiti, ambalo karibu lote ni maji, ungelazimika kula bakuli zima la familia. Wewe una bakuli hapo?"

Nikasema sina.

"Basi kula kipande chako polepole. Mtu mzima asiye na shida ya sukari, anayekula matunda mazima, si juisi, kwa kiasi cha kistaarabu, namba hizo zisimkoseshe usingizi. Tunda lile lile likiiva sana namba inapanda, ukilila pamoja na karanga au maharage mambo yanatulia, kwa hiyo namba yenyewe haikai mahali pamoja. Kwa mtu wa hali yako zinasaidia kidogo. Lakini cha kwanza ni ukubwa wa kipande, cha pili umekila na nini, na cha tatu ni kile kipimo chako cha kidoleni. Hicho ndicho kinachokujua wewe. Jedwali halikujui."

Kwa mtu wa hali yangu, alimaanisha hali yangu ya udadisi.

Walipotutoa tulikuwa tumemaliza, tunacheka kama watoto waliovunja kioo cha jirani, na yule mama ana mbegu kwenye kola. Nyumbani nikamweleza mume wangu yote. Akasikiliza vizuri, akasema somo lililotolewa kwenye lifti halina ubao, na jedwali akaliacha pale pale. Ila ananionea huruma, kwa hiyo sasa kila asubuhi ananikamulia glasi ya machungwa, kwa sababu chungwa lina namba ndogo. Anakamua huku anapiga mluzi. Sina moyo wa kumkataza.

Kindi


15 Mei

Kindi wangu,

Marahaba. Mapazia ya ukumbi yamekwisha, yametundikwa, mwenyekiti amepiga picha nayo kama mtu aliyeoa. Mguu unaniuma kidogo kwa kukanyaga cherehani, si sana. Fundi viatu anakusalimu, na nimemsomea kisa cha lifti mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anacheka juu ya maneno. Anauliza kama mlikula hata ule upande mweupe.

Nimeelewa habari ya bakuli la familia. Mama yangu angemsikiliza mtu kama huyo angekula maembe yake kwa amani. Ila neno moja nimelirudia. Yule mama alisema matunda mazima, si juisi. Nimelipigia mstari kwa chaki ya kushonea. Glasi moja inameza machungwa mangapi? Mwambie mkwe wangu apige mluzi huku anamenya.

Halafu nimeshangaa jambo. Wewe uliyetoka kwenye dirisha la choo cha shule ukiwa na begi mgongoni, tundu la dari la lifti limekushinda? Kweli, watakuwa wamelipunguza. Watengeneza lifti ni watu wabaya.

Mwezi wa nane sipokei kazi. Nimeshawaambia wateja. Wanauliza kwa nini, nasema basi tu, hata cherehani inahitaji kupumzika.

Andika upesi.

Shangazi yako


19 Juni

Mwanangu,

Hujambo. Mimi mzima. Sijapata barua yako, na posta nimekwenda mpaka yule binti wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Sina jambo. Nilitaka tu kujua lifti zinaendeleaje. Hapa kumetulia. Nimeshona mapazia ya jikoni, halafu nikashona mapazia ya jikoni kwa fundi viatu, ambaye jiko lake halina dirisha. Nilihitaji kitu cha kufanya na mikono.

Hata mstari mmoja unatosha. Hata kama ni habari usiyotaka kuandika, iandike kwa kifupi, nitaielewa.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe. Barua zako zote mbili nimezikuta nyumbani juzi niliporudi, maana nilikuwa nimelazwa. Usikae roho juu. Kaa kwanza, kisha endelea kusoma.

Nina mimba. Nimeingia mwezi wa nane. Anacheza sasa hivi ninapoandika, ndiyo maana mwandiko umeruka hapo juu.

Sikukuambia kwa sababu kwenye mimba ya pili ile ulikuja na mfuko wa vinguo ulivyoshona, na kofia zenye kamba, nami nilikuwa nimeshapoteza kabla basi lako halijafika. Uliukunja ule mfuko, ukanipikia uji, ukaosha vyombo, ukaondoka nao. Mgongo wako ukitoka mlangoni sikuweza kuusahau. Nikajiambia safari hii nitabeba peke yangu mpaka nione ng'ambo.

Sukari ilionekana mapema, kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu ya Bibi. Kisha mwanzoni mwa Juni ikapanda kwa fujo, nikaona ukungu machoni, wakanilaza. Mume wangu alikaa kando ya kitanda akiwa ameshika kikamulio cha machungwa. Alikuwa anakamua simu ilipopigwa kutoka kliniki kwamba nisirudi nyumbani, akatoka nacho mkononi bila kujua. Alidhani ameniua kwa machungwa. Daktari akamkalisha chini akamwambia, "Baba, mimba yenyewe inafanya hivi. Juisi haikusaidia, lakini si kosa la tunda, wala la mtu." Akalia mbele ya wagonjwa wote wa wodi, na mama wa kitanda cha pili akampa leso.

Sasa nachoma sindano ndogo, najipima kidole, nakula tunda zima baada ya chakula, kipande cha kiasi cha kiganja. Embe nakula. Ndizi nakula nusu. Zabibu nakula chache, na hizo ndizo zinazoniuma, kwa sababu zabibu haikujaliwa kuliwa chache. Kipimo kinatulia. Jedwali amelibandua mwenyewe, akaliweka chini ya mguu mfupi wa meza, na meza haiyumbi tena.

Mtoto mzima, wanasema. Moyo unadunda kama mota mpya. Nina furaha mpaka naogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu.

Kindi


14 Julai

Kindi, Kindi, Kindi,

Marahaba. Nimekaa kama ulivyoniambia, nikasimama, nikakaa tena. Fundi viatu nilimwita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliitika.

Nilijua tangu Machi. Mtu aliyekataa kutoka kwenye mashimo ya lifti hata siku ya harusi yake, leo anatengeneza vitufe mezani na anaota matikiti, halafu anauliza Bibi yake alikula nini? Nina sikio moja, mwanangu, lakini macho ninayo mawili. Sikusema, kwa sababu jambo lina mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha na bado unazaa, kwa hiyo wahenga nao wana siku zao za kukosea.

Nikuambie na mimi langu. Sikushona kitu. Hata soksi. Kila nilipochukua kitambaa laini mkono ulikataa, nikashona pazia. Mtaa huu sasa kila nyumba ina pazia jipya, na nyingine zimepata bila kuomba. Nilipokwenda posta nikakosa barua, sikulala usingizi wa kueleweka, lakini kukuandikia swali lenyewe sikuthubutu. Nilisema nikiliandika litasikia. Basi tulikuwa wawili tunaogopa kila mtu kwake, na posta inabeba utani.

Mkwe wangu mwambie asijilaumu. Mwanaume anayekamua machungwa kila asubuhi huku anapiga mluzi hapatikani kwenye kila mtaa.

Mwisho wa mwezi huu nakuja. Usipike, usifagie, usinipokee. Nakuja na mikono mitupu, na mikono yenyewe ndiyo mtakayoitumia.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Uko njiani, najua, na barua hii haina posta ya kupitia. Lakini ukifika utaanza kuongea wewe, na mimi nina mambo ya kusema, kwa hiyo nayaandika hapa kitandani wakati mume wangu amekwenda kituoni kukupokea.

Hakukusubiri. Alikuja juzi, saa ambayo jua linaingia wodini mpaka chini ya vitanda. Ni msichana. Alitoka amekunja uso kama mteja aliyeletewa pazia fupi. Walipompima sukari kisiginoni alipiga kelele moja ya kulalamika, wakasema iko sawa, akanyamaza, kana kwamba naye alikuwa anasubiri kusikia. Yangu imeshuka jana na leo imebaki chini. Sindano wamesimamisha. Baada ya wiki kadhaa watanipima tena, na kila mwaka pia, kwa sababu ya Bibi, nami nitakwenda.

Mume wangu alipompokea aliduwaa. Amemwangalia tangu juzi kama swali la mtihani ambalo jibu lake ameshapewa na bado haamini. Yule mama wa lishe alipita asubuhi kunisalimu, akaketi ukingoni mwa kitanda, na mume wangu kwa unyenyekevu wote akamwuliza kama maziwa ya mama yana fahirisi. Yule mama alivaa miwani yake, akamtazama.

"Baba," akasema, "mtoto anyonye tu."

Nilicheka mpaka muuguzi akaniambia nishikilie nyuzi za mshono tumboni.

Sijui mtu hufanya nini na furaha ya namna hii, shangazi. Mwili hauitoshi. Nikifumba macho naiona, nikifumbua ipo kwenye kile kitanda kidogo inapiga miayo. Usiku nilitamani kuogopa kidogo kwa mazoea tu, nikakuta sijui pa kuanzia. Nilitaka ukifika nikuambie hivi kwa utulivu, kwa sauti ya mtu mzima aliyepitia mambo, nikushukuru kwa ule uji, na kwa miezi yote uliyonishauri bila kuuliza, na nikuombe

Nimesikia sauti yako kwenye korido. Wodi nzima imeisikia. Unamweleza mlinzi kwamba muda wa kuona wagonjwa ulipangwa na watu wasiosafiri, na yeye anajibu polepole, nawe unamwambia aseme kwa nguvu, na mume wangu anajaribu kuingia katikati na hapati nafasi. Sasa mlinzi amepisha. Sasa ni viatu vyako vinakuja.

Umeingia. Umempita mlinzi, umempita muuguzi, mimi mwenyewe umenipita bila hata hujambo, kofia ya safari imekukaa upande, na umeinama kwenye kitanda kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nikujue, shangazi yangu, huna la kusema.